Neno la Kumwambia Mtu Usoni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mfasiri Mkuu wa halmashauri yetu anastaafu baada ya kukitumikia Kitengo cha Tafsiri kwa miaka thelathini na moja. Jina lake kamili limo kwenye barua ya utumishi na halina haja ya kurudiwa hapa, maana hata wahasibu wanaomwandalia mshahara humwita Mama Ngoja-Kwanza. Jina hilo alilipata akiwa bado mgeni kazini. Meya wa wakati ule alikuwa amesimama mlangoni akisubiri tafsiri ya hotuba yake, gari linanguruma nje, Mama akamwambia angoje kwanza kwa sababu sentensi mbili za hotuba zilikuwa zinagombana. Meya aliangalia saa, akaangalia dari, kisha akavuta kiti akakaa.

Kazi ya ukurasa kama huu ni kumsifu anayeondoka, na tutamsifu, msiwe na wasiwasi. Lakini aliyepewa kuuandika ni mimi niliyekaa naye meza kwa meza, na ninayepokea ofisi yake Jumatatu, kwa hiyo kuna jambo nitalitanguliza. Wiki iliyopita ililetwa kitengoni rasimu ya kufuta swali moja fupi kwenye sheria ndogo ya ilani. Swali hilo lisingekuwapo bila Mama Ngoja-Kwanza, na wapo wanaoona kuondoka kwake ni wakati mzuri wa kuliondoa nalo. Wengi wenu mliajiriwa juzijuzi na hamjui lilivyoingia. Leo mtajua.

Aliingia hapa akiwa karani wa taipu. Kitengo chenyewe kilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa stoo ya rangi za barabarani, na mpaka leo mvua ikinyesha ukuta wa nyuma hunuka tapentaini. Mchana alipiga taipu, jioni alisoma, na kati ya mchana na jioni alilea watoto watatu pamoja na mumewe, mkaguzi wa tiketi za treni, mtu mpole ambaye husema kazini aliwakagua abiria na nyumbani akakaguliwa yeye. Ukimwambia mkewe chai imepoa, asema mzee huyo, utaulizwa kama imepoa au imekuwa baridi, maana hayo ni mambo mawili. Kutoka taipu alipanda akawa mfasiri wa daraja la pili, kisha la kwanza, na hatimaye mkuu. Sheria zote za maji, masoko, maegesho na makaburi mnazozisoma kwa Kiswahili zimepita mikononi mwake.

Hiyo ya makaburi ina kisa chake. Washauri waliokodiwa kutoka nje walileta tangazo lililosema kwamba wakazi wa makaburini wanaombwa kudumisha usafi na kutopiga kelele baada ya saa kumi na mbili jioni. Mama alilisoma kimya, akachukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni, "Kelele hawapigi. Ukiwaita wafanye usafi, hawataitika." Kipande kile cha karatasi kilikaa ukutani kwetu kwa miaka mingi, na kila mgeni aliyekuja na haraka zake tulimwonyesha kwanza kabla ya kumpa kiti.

Msidhani alikuwa mtu wa mizaha tu. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuukuta kitabuni wala hakuomba kibali kuuanzisha, na alitushikisha adabu nao sote. Kila tafsiri inayomtaja mtu, iwe mchuuzi, mpangaji, mzururaji au mdaiwa, ilipaswa kusomwa mbele ya mtu wa namna hiyo kabla ya kutiwa saini. Mfasiri mwenyewe ndiye aliyetakiwa kwenda, asimame, amtazame, aseme neno. Kanuni yake ilikuwa: neno usiloweza kumwambia mtu usoni, usimbandikie ukutani. Mimi niliwahi kutumwa stendi kuwasomea vijana wa kubeba mizigo neno "wazururaji". Walinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha mmoja akaniuliza, "Bro, gunia hili la kilo themanini nazurura nalo kwenda wapi?" Nilirudi ofisini na swali lake. Neno lilibadilishwa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe.

Miaka sita iliyopita Idara ya Sheria ilituletea sheria ndogo ya ilani, imeandikwa kwa Kiingereza na afisa sheria kijana mwenye akili kali na mapenzi makubwa kwa maneno adimu. Ilisema kwamba mtu aliyepewa ilani tatu asitekeleze ataitwa "scofflaw", jina lake litabandikwa ubaoni sokoni na posta, na leseni yake haitaongezwa muda. Kwa kutusaidia, afisa alikuwa ameshaweka Kiswahili chake pembeni: "mhalifu sugu". Lilikuwa neno fupi, lilijaza vizuri kichwa cha bango, na mchapaji alilipenda. Kilichobaki ni saini ya Mfasiri Mkuu, maana bila saini hiyo sheria ndogo haichapishwi.

Mama akasema lile neno lake la siku zote, akapanda ghorofani kwenye makabati ya kamusi. Aliposhuka alikuwa anacheka mpaka miwani imemteremka puani. Akatukusanya akatusimulia. Neno hilo halina umri mkubwa, alisema, na tofauti na maneno mengi, siku zake za kuzaliwa zinajulikana. Lilitungwa Marekani karibu miaka mia moja iliyopita, wakati pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima na watu wakaendelea kuinywa kana kwamba marufuku ni habari ya majirani. Tajiri mmoja mchukia pombe akaudhika. Akatangaza shindano: atakayepata neno la kumchoma dhamiri mnywaji wa namna hiyo atapewa zawadi ya dhahabu. Yakaja maneno maelfu kwa maelfu. Lililoshinda liliunganisha "scoff", yaani kudhihaki, na "law", yaani sheria, na ajabu ni kwamba lilikuwa limeletwa na watu wawili wasiojuana, ikabidi wagawane zawadi.

Na wanywaji je, dhamiri ziliwachoma? Hapo ndipo Mama alipokuwa anacheka. Haukupita muda, huko Paris, baa moja ikatengeneza kinywaji kipya cha kuchanganya ikakiita jina hilohilo. Watu wakawa wanaagiza tusi lao kwa glasi. Baadaye sana, pombe ilipokwisha kuhalalishwa, neno likabaki bila kazi, likahamia kwa wanaozipuuza karatasi za faini za maegesho na mambo kama hayo, na kwa njia hiyo limefika mezani kwetu.

Alipomaliza kucheka alivua miwani, na tulijua sasa ametoka kwenye hadithi ameingia kazini. Akasema mhalifu anaweza kuwa mtu yeyote aliyetenda kosa, hata wewe, hata bila kujua. Neno hili halimsemi huyo. Linamsema anayeijua sheria vizuri, ameshika glasi mkononi, anaitazama na kuicheka. Lazima kwanza ajue, ndipo acheke. Asiyejua hana cha kucheka.

Kwa kuwa neno lilizaliwa shindanoni, aliamua tafsiri yake nayo ishindaniwe. Boksi la biskuti likawekwa chini ya ngazi, na zawadi ikatangazwa: mshindi atakalia kiti cha Mama chenye magurudumu kwa wiki nzima, naye Mama atakalia kile cha mbao kinachopinda kushoto. Jengo zima likashiriki. Dereva wa lori la taka alileta "sikio-la-kufa". Mtu wa mapokezi alileta "mchekasheria". Kuna asiyejulikana mpaka leo aliyeandika "shemeji wa diwani", na Mama akakiri kwamba kwa maana ndilo lililokaribia zaidi kuliko yote, ila halitapita kwenye kikao. Lililoshinda lilikuwa "mdharau sheria". Kama kule Marekani, lililetwa na wawili, mimi na dada wa kantini, tukagawana kiti, yeye asubuhi na mimi mchana.

Tulidhani kazi imekwisha. Mama akachukua mkoba, akaniambia nivae viatu vya kutembelea.

Aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya kubandikwa alikuwa fundi funguo wa pale ngazi za posta. Wengi wenu mnamjua: meza ndogo yenye jiliwa la kubania chuma, ubao uliopigiliwa misumari na funguo zinazoning'inia, mkewe kando anafunga vikaratasi vya majina kwa uzi. Kosa lake lilikuwa meza, iliyovuka mstari wa njano wa waenda kwa miguu. Ilani tatu zilikuwa zimeandikwa, na zote tatu hazikutekelezwa.

Mama alimsalimia, akajieleza, akasimama wima. Akamwambia usoni neno la kwanza, lile la afisa sheria, kama utaratibu unavyotaka. Fundi alikuwa anasugua ufunguo kwa tupa. Aliiweka tupa chini. "Mama," alisema, "mimi nakata funguo za nyumba za watu. Mtu ananiachia ufunguo wa mlango anakolala wanawe, anakwenda sokoni, anarudi. Ukilibandika neno hilo hapo posta, nani ataniachia ufunguo wake tena?" Hakupaza sauti. Mimi niliangalia viatu vyangu, maana nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba neno moja kwenye bango linaweza kufunga meza ya mtu bila askari kuigusa.

Mama akamwomba radhi, akamwambia neno la pili. Fundi alilitafakari, akaligeuzageuza. "Hilo afadhali. Lakini mimi nimedharau nini?" Akaelezwa habari za ilani tatu. Akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye. Kumbe muda wote huo meza ilikuwa imefunikwa turubai na wenyewe hawapo. Mke alikuwa amelazwa, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na fundi alikuwa analala kwenye benchi la hospitali. "Karatasi zipi, Mama? Mimi nimerudi nimekuta hata turubai lenyewe limechanika kwa upepo." Mkewe, bila kuacha kufunga uzi, akaongeza, "Huyu angekuwa na ubavu wa kudharau mtu, angeanza na mimi."

Tukarudi mpaka kwenye lango letu. Hapo akasimama, akasema, "Tumepata neno zuri sana. Sasa hatuna wa kumpa."

Siku iliyofuata aliirudisha sheria bila saini. Hakudai ifutwe. Meza ilikuwa imevuka mstari, na fundi mwenyewe aliisogeza siku ileile alipoambiwa, kwa mikono yake, tukimsaidia kubeba jiliwa. Alichotaka ni swali moja liongezwe: kabla mtu hajabandikwa jina hilo, aulizwe ana kwa ana kama ilani ilimfikia, na jibu lake liandikwe. Afisa sheria akampandishia sauti. Kazi yako ni maneno, Mama, alimwambia, si sheria. Naye akamjibu, "Hayohayo maneno, mwanangu. Neno lako linasema alijua. Nani kamuuliza?"

Zikaanza kuja barua za kumwamuru atie saini. Ya kwanza ya kistaarabu, ya pili fupi, ya tatu yenye nakala kwa watu wengi. Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye naye ameshastaafu, alimwita kwenye kikao cha wakuu wa vitengo na kumwambia mbele ya wote kwamba inaelekea "scofflaw" wa kwanza wa mji huu yumo humu ndani na anakunywa chai yetu. Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kisha akasema, "Bosi, hapo umepatia kabisa. Barua zote tatu zimenifikia, nimezisoma, nimezielewa, na sitii saini. Niandikeni mimi wa kwanza ubaoni. Mtakuwa mmelitumia neno vizuri."

Gharama aliilipa. Alihamishiwa masjala, ghorofa ya chini, kupanga mafaili ya kesi zilizofungwa, na vitabu vyake vikateremshwa kwenye toroli la usafi. Alikaa huko miezi minane. Vumbi lilimpa kikohozi ambacho mumewe hajatusamehe mpaka leo. Cheo chake kilitangazwa kitengoni ili apatikane wa kutia saini, na hapa nakitaja kitengo kizima kwa fahari: hakuna aliyeomba. Kila mchana tulishuka na vyombo vyetu vya chakula tukala masjala, na tafsiri zetu alizisahihisha huko, juu ya mafaili ya watu waliokwisha kusahau walishtakiana nini.

Sipendi kumfanya afisa sheria kuwa mbaya wa hadithi hii, kwa sababu siye. Ilipofika sheria kwenye baraza la madiwani, diwani mmoja mama mtu mzima alimuuliza swali la kawaida tu: wewe mwenyewe ushamwona huyo fundi? Hakuwa amemwona. Alikwenda kesho yake, peke yake, bila tai, akiwa na ufunguo wa nyumba ya mama yake mzazi wa kutolewa nakala. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba jioni hiyo alishuka masjala, akakaa kwenye ngazi ya kupandia rafu, na wakaliandika lile swali pamoja, yeye na Mama, mpaka mlinzi alipokuja kuzima taa. Lugha ya kifungu hicho ni safi kuliko zote kwenye kitabu chetu cha sheria. Wiki hiyohiyo Mama akapandishwa juu na kurudishiwa kiti chake, magurudumu na yote.

Tangu hapo kila mtu huulizwa. Majibu yametufundisha mengi. Karatasi nyingi zilikuwa zimebandikwa kwenye vibanda vilivyofungwa, nyingine zimepelekwa kwa wapangaji waliohama, nyingine zimeandikwa kwa Kiingereza na kupewa watu wasiokisoma. Wakishaulizwa na kuelezwa, karibu wote husogeza, hubomoa, husafisha, na mambo yanakwisha. Wanaobaki ni wachache, nao wanalistahili jina. Mmojawapo, mwenye jumba la ghorofa nne bila choo cha wapangaji, alikwenda ubaoni akapiga picha akiwa ameegemea jina lake huku anatabasamu. Tulipomwonyesha Mama alisema neno la aibu halimuumizi asiye na aibu, ndiyo maana inabidi tuwe waangalifu tusiwapige nalo wenye nayo.

Sasa Idara ya Sheria ina watu wapya, na yule afisa amehamia mji mwingine. Rasimu iliyoko mezani inasema swali linachelewesha utekelezaji, na kwamba ilani ikishabandikwa mahali ihesabiwe imemfikia mwenyewe. Inataka pia lirudi lile neno la zamani, kwa kuwa bango lilikuwa linasomeka vizuri zaidi. Nimeambiwa ni marekebisho madogo. Nimeombwa nitie saini Jumatatu asubuhi, iwe kazi yangu ya kwanza nikiwa Mfasiri Mkuu, na barua ya kuniteua imesisitiza ushirikiano mara mbili katika aya moja.

Mama hajaniambia la kufanya. Nilipomwonyesha rasimu alirekebisha koma moja, akanirudishia, akaendelea kufunga vitabu vyake kwenye maboksi. Mwanzoni nilikasirika, nikidhani ameshanawa mikono na kutuachia. Kisha nikaona amesimamisha viatu vyangu vya kutembelea karibu na mlango.

Basi jana nilikwenda posta. Nilisimama mbele ya fundi na mkewe nikawasomea rasimu yote, na nikalisema lile neno. Fundi amezeeka kidogo, na mkewe sasa anatembea bila fimbo. Walisikiliza. Mke akaniuliza, "Ukilazwa wewe, karatasi itakufuata wodini?" Nikasema hapana. Fundi akauliza jambo moja tu: "Na anayetia saini sasa ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Alinitazama tu, na nikamjibu hapohapo, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri funguo zao, kwamba sitaitia.

Kwa hiyo, Mama, kwa niaba ya kitengo kizima, ahsante. Ahsante kwa kutuzuia tulipokuwa na haraka, kwa kututuma juani kuwasomea watu maneno yetu mabaya, na kwa kukikubali kikohozi cha masjala ili watu wa mji huu waulizwe kabla ya kuhukumiwa. Mpelekee mzee wa nyumbani salamu zetu na umwambie sasa zamu yake imefika, akukague kwa siku ndefu, nyie wawili mkiwa na afya na wajukuu tele. Tunakuombea maisha mema na ya raha, wala usibebe kazi yetu kichwani. Na ukisikia kwamba vitabu vyetu vimeteremshwa tena kwenye toroli, usivae viatu uje kututetea. Tutakuwa masjala, wote, tunafanya kazi.